HUNGARIA: JE, KIWANDA NI CHA NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Katika mkutano wa tawi letu uliopita, ndugu mmoja alisimama akasema kwamba habari za nchi ndogo za Kikomunisti zilizoanguka si habari zetu tena. Alisema: walijaribu, wakashindwa, mwaka 1989 ukafika wakaanguka, basi kuna haja gani ya kuuliza ingalikuwaje? Ndugu wa pili akaruka juu akajibu kwamba kama mabwana wa Ulaya na Marekani wasingalitia fitina, nchi zile zingalisimama mpaka leo. Watu wakapiga makofi kwa huyu, wakapiga makofi kwa yule, kisha tukaenda kunywa chai.

Sisi tunaoandika maneno haya twasema ndugu hawa wote wawili wamekosa. Kila mmoja anahesabu serikali na majeshi tu. Hakuna hata mmoja aliyemhesabu mtu mwenye nyundo mkononi. Basi twaomba nafasi katika karatasi hii, tutwae nchi moja tu, tuulize kwa makini: mambo yangaliweza kwenda njia nyingine? Nchi hiyo ni Hungaria, na mwaka ni 1956.

Hungaria ni nchi ya Ulaya isiyo na bahari. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 93,000, maana yake Kenya yaweza kuimeza mara sita. Mwaka ule watu wake walikuwa karibu milioni 10. Nchi ndogo, iliyobanwa katikati ya wakubwa.

FARAO NA MATOFALI

Kwanza tuone walikuwa wakiishi namna gani. Mwaka 1945 jeshi la Urusi liliwafukuza Wajerumani, nalo likabaki. Mwezi wa Novemba mwaka ule watu walipiga kura, na Chama cha Wakulima Wadogo kilipata 57 katika kila kura 100. Wakomunisti walipata 17. Lakini mwenye askari ndani ya nyumba hahitaji kura nyingi. Vyama vingine vilikatwa kipande baada ya kipande, kama mtu akatavyo soseji, na mkubwa wao Mátyás Rákosi hakuona haya kujisifia kazi hiyo. Mwaka 1948 chama cha Wasosialisti kilitiwa ndani ya chama chake. Mwaka 1949 mpiga kura aliletewa orodha moja tu ya majina.

Viwanda vilitwaliwa na serikali. Wafanyakazi wakaambiwa: furahini, sasa kiwanda ni chenu. Lakini msimamizi aliwekwa na wakubwa kutoka juu, wala mfanyakazi hakuulizwa neno. Malipo yalikuwa kwa kipimo cha kazi, na kipimo kilipandishwa tena na tena, hata fundi aliyefanya bidii mwezi huu alijikuta mwezi ujao bidii ile ile haimtoshi chakula. Kila mwaka alidaiwa aikopeshe serikali sehemu ya mshahara wake, na mkopo huo uliitwa wa hiari. Aliyenung'unika alihofia polisi wa siri walioitwa AVH.

Mtauliza, chama cha wafanyakazi kilikuwa wapi? Kilikuwapo. Kilikuwa na majengo, makarani, na wanachama wengi sana. Kazi yake ilikuwa kuwahimiza watu watimize kipimo. Chama kiligeuka nyapara wa pili.

Sisi tuliosoma shule ya misheni twaikumbuka habari ya Farao. Waisraeli walipolalamika, majani ya kufyatulia matofali yakaondolewa, na hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Tena waliopigwa kwanza ni wasimamizi waliotoka katika Waisraeli wenyewe. Farao wa Hungaria alivaa nyota nyekundu, lakini hesabu ya matofali aliijua vizuri.

Stalin alikufa mwezi wa Machi 1953. Mwaka ule ule Imre Nagy alifanywa Waziri Mkuu, naye akalegeza kamba kidogo. Mwaka 1955 akaondolewa. Tarehe 28 Juni 1956, katika mji wa Poznań, nchi ya Polandi, mafundi wa kiwanda kikubwa kilichotengeneza injini na mabehewa ya reli waliacha kazi wakaingia barabarani, wakidai mkate na malipo ya haki. Walipigwa risasi, watu makumi wakafa. Wasomaji wetu wa reli wasisahau jambo hilo: waliowasha moto ule walikuwa watu wa injini kama sisi. Habari zao zilivuka mipaka.

SIKU KUMI NA TATU

Tarehe 23 Oktoba 1956 wanafunzi wa Budapest waliandamana, na jioni wafanyakazi walipotoka viwandani waliungana nao. Sanamu ya Stalin iliangushwa. Risasi zililia penye nyumba ya redio. Alfajiri vifaru vya Kirusi viliingia mjini, na siku hiyo Nagy akarudishwa kuwa Waziri Mkuu.

Magazeti ya ng'ambo yalijaza picha za vijana wenye chupa za petroli. Sisi twataka mtazame kwingine. Tarehe 24 Oktoba, katika kiwanda cha taa za umeme kiitwacho Egyesült Izzó, huko Újpest, wafanyakazi walichagua baraza lao wenyewe. Siku chache baadaye kulikuwa na mabaraza kila upande wa nchi: kwenye viwanda vya chuma vya Csepel, kwenye migodi ya makaa, kwenye reli. Watu walikutana, wakanyosha mikono, wakachagua mafundi wanaowajua.

Tarehe 31 Oktoba wajumbe wa viwanda vikubwa vya Budapest walikutana wakaandika kanuni zao. Twazieleza kwa maneno yetu. Kiwanda ni cha wafanyakazi. Watalipa serikali kodi na sehemu ya faida. Mwenye amri kuu kiwandani ni baraza lililochaguliwa kwa kura. Meneja ataajiriwa na kiwanda, atachaguliwa na baraza, na atatoa hesabu kwa baraza kwa kila jambo. Baraza litaamua kiasi cha mishahara na mikopo ya kiwanda.

Someni tena, ndugu, polepole. Hakuna neno la kurudisha viwanda kwa matajiri wa zamani. Wala hakuna neno la kuviacha mikononi mwa karani wa serikali. Watu hawa walipata njia ya tatu, nao hawakuipata kwa maprofesa. Waliipata katika vumbi la kiwanda.

Hatutaficha mabaya. Tarehe 30 Oktoba, katika uwanja wa Köztársaság, watu wenye hasira waliwaua askari wa AVH na wengine waliokuwa wamekwisha kusalimu amri, na maiti zikatundikwa mitini. Dhambi ni dhambi hata akiifanya mwenzetu, na twaisema hapa ili asije mtu akatuambia tunapaka rangi.

Lakini wiki ile ile hali ilianza kutulia. Nagy alitangaza kwamba polisi wa siri wamevunjwa na kwamba vyama vingi vitarudi. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba Hungaria haitakuwa upande wa Urusi wala upande wa Marekani. Na mabaraza yakakubaliana jambo ambalo watu wengi hawalijui: kazi ianze tena Jumatatu, tarehe 5 Novemba.

Jumapili alfajiri, tarehe 4 Novemba, vifaru vya Urusi vilirudi kwa maelfu ya askari. Jumatatu ile haikufika.

WALIOLIA KWA JICHO MOJA

Kabla hatujaendelea, neno moja juu ya waliojifanya marafiki wa Hungaria. Wiki hiyo hiyo ndege za Waingereza na Wafaransa zilikuwa zikipiga mabomu Misri kwa sababu ya mfereji wa Suez. Na hapa kwetu, tarehe 21 Oktoba 1956, siku mbili tu kabla Budapest haijaamka, Dedan Kimathi alipigwa risasi akakamatwa. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa. Wakati London ilipokuwa ikisikitikia uhuru wa Wahungaria, maelfu ya watu wetu walikuwa ndani ya waya wa kambi za kizuizini bila hukumu. Na Makhan Singh, aliyetupandia mbegu ya vyama vya wafanyakazi, alikuwa kifungoni tangu 1950, wala hakutoka mpaka 1961. Yeye alisema wazi kwamba ni Mkomunisti. Rácz wa Hungaria, ambaye habari zake zinakuja, alifungwa na Wakomunisti. Makosa yao yaliyowaudhi wenye nguvu yalikuwa sawa: waliwakusanya wafanyakazi wakawaambia msiogope.

Kwa hiyo hatuandiki haya kumfurahisha mkubwa yeyote.

TUWAZE JUMATATU ILE

Sasa tuwaze. Tuseme vifaru vingalibaki nje. Je, huo ni upuzi? La. Tarehe 30 Oktoba serikali ya Moscow ilitoa tangazo kwamba iko tayari kuzungumza juu ya kuondoa jeshi lake. Siku iliyofuata wakubwa wale wale waligeuka wakaamua kupiga. Jambo lilisimama juu ya siku moja. Tena mwaka mmoja tu nyuma, 1955, Warusi walikuwa wameondoka Austria, jirani wa Hungaria mlango kwa mlango, kwa ahadi kwamba Austria haitaingia upande wowote wa vita. Ahadi ile ilishikwa. Kilichowezekana Vienna mwaka 1955 kwa nini kisiwezekane Budapest mwaka 1956?

Basi Jumatatu asubuhi king'ora cha Csepel kingalilia. Watu wangaliingia langoni, wengine na vitambaa vya vidonda mikononi. Kazi ya kwanza ingalikuwa kufagia vioo. Kazi ya pili ingalikuwa mkutano. Meneja wa zamani angalisimama mbele ya baraza na kofia yake mkononi, aulizwe: kazi waijua, au ulipewa kiti kwa sababu ya chama? Mameneja wengine wangaliondoka. Wengine, waliojua kazi na hawakumtesa mtu, wangalibaki, kwa maana wafanyakazi si wajinga. Wanajua kwamba kiwanda bila mwenye elimu ya mitambo ni banda tu.

Kipimo cha kazi kingaliwekwa upya, mbele ya wale watakaokifanya. Mkopo wa lazima ungaliisha. Mgomo ungalikuwa haki, na aliyegoma hangaliitwa adui wa watu.

Baada ya miezi kadhaa kura zingalipigwa. Wakulima Wadogo wangalirudi Bungeni, Wasosialisti wangalirudi, Wakomunisti wangalipata viti vyao vichache kwa haki. Na hapo, ndugu, ugomvi ungalianza. Hatutaki kuwadanganya kwamba ingalikuwa Paradiso. Makaa ni kidogo na baridi imefika: yaende kwa treni, kwa hospitali, au kwa kiwanda cha taa? Baraza la kila kiwanda lingalivutia kwake. Hayo tunayajua kwa sababu Yugoslavia ilitunga sheria ya mabaraza ya namna yake mwaka 1950, na huko kiwanda tajiri kilishiba wakati kiwanda maskini kililia. Tena sanduku la serikali lilikuwa tupu. Wenye benki wa Magharibi wangalikuja na mkoba wa fedha katika mkono mmoja na karatasi ya masharti katika mkono wa pili. Na ndani ya Bunge wangalikuwapo watu wa kusema kwa ulimi laini: mabaraza yamefanya kazi nzuri, sasa yarudi nyumbani, waachieni wataalamu.

Kwa hiyo mabaraza yangaliweza kushindwa hata bila kifaru kimoja. Twakiri. Lakini yangalishindwa katika mchezo ambao wao wenyewe wanacheza, wakiwa na kura, na mgomo, na gazeti. Mtu aliyeanguka akishindana mbio aweza kuamka akashindana tena. Aliyekatwa miguu hawezi.

Na tuwaze mbali zaidi. Mwaka 1968 watu wa Chekoslovakia walipotaka ujamaa wenye uso wa mtu, wangalikuwa na jirani wa kumtazama mwenye umri wa miaka 12. Mwaka 1980 mafundi wa meli wa Gdańsk walipoanzisha chama huru cha Solidarność, wasingalianza kama watu wa kwanza duniani. Hata kwetu. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa andiko lake juu ya Ujamaa wa Kiafrika, Karatasi Nambari 10. Siku zile wakubwa wa nchi nyingi changa walikuwa wakiwaambia wafanyakazi: serikali sasa ni yenu, basi mkigoma mnajigomea wenyewe. Maneno hayo hayo Rákosi aliyasema. Kama Hungaria ya mabaraza ingalikuwa hai, mfanyakazi wa Nairobi au wa Mombasa angalikuwa na jibu la kuonyesha kwa kidole: kule pia serikali ni yao, kiwanda ni chao, na haki ya kugoma wanayo.

SI NDOTO TU

Mtu atasema: hayo ni maneno ya kuwaza. Basi tazameni yaliyotokea kweli, baada ya vifaru kuingia.

Serikali mpya ya János Kádár ilikuwa na jeshi la Urusi, lakini haikuwa na mfanyakazi hata mmoja wa kuvuta mtambo. Nchi nzima iligoma. Tarehe 14 Novemba, vifaru vikiwa barabarani, wajumbe wa viwanda walikutana Újpest wakaunda Baraza Kuu la Wafanyakazi wa Budapest. Mwenyekiti wake alikuwa Sándor Rácz, fundi wa vyombo katika kiwanda cha simu. Alikuwa na miaka 23. Kijana huyo aliingia Bungeni akazungumza na Kádár uso kwa uso, kwa sababu Kádár alilazimika kumsikiliza: bila baraza lile hapakuwa na makaa, wala taa, wala treni.

Watu wa reli hawakulala. Wakati wa Novemba vijana walikamatwa wakatiwa katika mabehewa kupelekwa Urusi. Wafungwa walitupa vikaratasi kupitia nyufa za behewa, vyenye majina yao, na watu wa reli waliviokota wakapeleka habari. Magari mengine yalisimamishwa njiani. Sisi tunaolijua behewa la mizigo tunajua ni ujasiri gani kulisimamisha gari lenye askari wa bunduki.

Tarehe 21 Novemba mabaraza yalitaka kukutana ili yaunde Baraza la nchi nzima. Vifaru viliuzunguka ukumbi. Walijibu kwa mgomo wa saa 48. Tarehe 8 Desemba, mji wa Salgótarján wenye migodi ya makaa, askari walifyatua risasi katika umati, watu makumi wakaanguka wamekufa. Kesho yake Baraza Kuu lilipigwa marufuku. Tarehe 11 Desemba Rácz na mwenzake Sándor Bali waliitwa Bungeni kwa mazungumzo. Walikwenda. Wakakamatwa.

Ndugu, msisahau namna walivyokamatwa. Hawakukamatwa wakikimbia. Walikamatwa wakiitikia mwaliko. Siku hiyo na iliyofuata nchi iligoma tena, mgomo wa mwisho mkubwa. Rácz alihukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha mwaka 1963. Imre Nagy alinyongwa tarehe 16 Juni 1958. Wahungaria kama 2,500 walikufa katika mapigano, na watu karibu 200,000 walikimbia nchi.

Kwa hiyo wiki tano, bila bunduki, bila redio, bila rafiki, mabaraza yalisimama mbele ya jeshi kubwa. Waliofanya hivyo chini ya vifaru wangalishindwaje kuendesha viwanda katika amani?

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Mpinzani wa kwanza asema: kama si vifaru, makabaila na wafuasi wa Hitler wangalirudi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya Moscow. Tunajibu: walikuwapo waliotamani ya kale, hatukatai. Lakini wenye viwanda mikononi walikuwa mabaraza, nayo yaliandika wazi kwamba viwanda havirudi kwa bwana. Siku ya vifaru waziri mmoja, István Bibó, alibaki peke yake ndani ya Bunge akipiga taipu wakati askari wa Kirusi wakizunguka ukumbini. Siku chache baadaye aliandika mpango wa mapatano: uhuru wa vyama uwepo, na mtu kumnyonya mtu kusiruhusiwe. Je, hayo ni maneno ya kabaila? Na mwaka 1957 kamati ya Umoja wa Mataifa, yenye wajumbe wa Australia, Ceylon, Denmark, Tunisia na Uruguay, ilisema kwamba watu waliinuka wenyewe.

Mpinzani wa pili asema: wangalimezwa na Marekani. Tunajibu: Marekani ilisema hadharani mwezi ule ule wa Oktoba kwamba haizitazami nchi hizo kama wenzi wa vita. Redio zake zilitia watu moyo usiku, na asubuhi hakuna aliyekuja. Mwenye kutaka kummeza mtu huja na sahani.

Mpinzani wa tatu asema: wapiganapo tembo nyasi huumia, nchi ndogo haina hiari. Huyu ndiye tunayemwogopa zaidi, kwa sababu husema kwa sauti ya hekima. Tunamjibu: Austria ni nyasi, na Ufini ni nyasi, nazo zilibaki zimesimama kati ya tembo. Tena methali hiyo ndiyo iliyotumiwa juu yetu sisi. Ni nani asiyeambiwa na babu yake kwamba Mzungu hawezi kuondoka?

MWISHO WAKE ULIKUWAJE

Ndugu wa kwanza, yule aliyesema kwamba walianguka tu mwaka 1989, atasema hatimaye Hungaria ilipata uhuru. Ndiyo. Tarehe 16 Juni 1989 Nagy alizikwa tena kwa heshima, na mmoja wa waliohutubia alikuwa Sándor Rácz, sasa mtu mzima mwenye mvi. Jeshi la Urusi liliondoka 1991. Tunafurahi nao. Lakini viwanda je? Kanuni za tarehe 31 Oktoba 1956 hazikutolewa kabatini. Viwanda viliuzwa, vingine vikafungwa, na mfanyakazi akaulizwa kama alivyoulizwa wakati wa Rákosi, yaani hakuulizwa. Kwanza alikuwa na Farao mmoja, kisha akapewa wa pili mwenye suti.

Hasara ya mwaka 1956 ndiyo hiyo. Hakuna serikali iliyoishika njia ile ya tatu, kwa sababu kila mkubwa, wa mashariki na wa magharibi, alifaidika ikisahauliwa. Ndiyo sababu sisi wafanyakazi tusiisahau. Tusipoikumbuka sisi, itakumbukwa na nani?

NENO KWETU

Na sisi tunalo la kujitazama. Mwaka 1965 vyama vikuu viwili vya wafanyakazi wa Kenya, baada ya mapigano ya Mombasa yaliyoua watu, vilivunjwa kwa amri ya Rais, na COTU ikaundwa. Kwa mpango ule wa mwanzo, wanachama walipeleka majina matatu, na Rais alichagua mmoja kuwa Katibu Mkuu. Umoja tulioupata ulikuwa kitu kizuri. Lakini twauliza: umoja unaokabidhiwa kutoka juu ni wa nani? Hatusemi haya kumtukana mtu. Twauliza kama mabaraza ya Budapest yalivyouliza juu ya kiwanda.

Basi kila tawi lijiulize mambo matatu. Kiongozi wetu, je, anatoa hesabu kwetu au kwa waliompa gari? Kipimo cha kazi yetu, je, kiliwekwa mbele yetu au kililetwa kimekwisha andikwa? Na tukiitwa mezani kuzungumza, je, tumeacha nyuma watu walio tayari kuendelea kama hatukurudi? Rácz na Bali waliacha. Ndiyo maana siku waliyokamatwa mitambo ilinyamaza.

Ndugu aliyesema hizi si habari zetu, tunamkaribisha mkutano ujao. Aje na jibu. Sisi tutakuja na swali lile lile: kiwanda ni cha nani?

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa karakana